Nduku Anasikia Baridi

Watu wa Tawa wakija kwangu kupigwa picha huniomba niwapunguzie weusi. Hawalisemi waziwazi. Husema, "Fanya ing'ae kidogo," halafu hutazama pembeni, na mimi hujifanya sijasikia. Kama ngozi uliyopewa haikupendezi, kamlalamikie aliyekupa, mimi nauza picha. Wengine wamenihama kwa ajili hiyo, wakaenda kwa kijana wa stejini, pale magari yanaposimama, ambaye huwatoa weupe kama unga wa ugali, na sikuwafuata. Lakini mtu aliyenitoa jasho kuliko hao wote hakutaka kupunguziwa chochote. Alitaka joto liongezwe, na mtu huyo ni baba yangu mzazi.

Baba anaitwa Munyao. Anaishi Kalamba katika nyumba aliyoijenga alipostaafu kando ya jiko la zamani la mama yake, yeye na mbuzi wake na redio yake, na mimi Mutindi ndiye mtoto wake wa pekee. Mwaka jana nilianza kuona mambo nisiyoyapenda. Anamimina chai nje ya kikombe. Anagonga bega kwenye mlango ambao amekuwa akiupita miaka nenda miaka rudi. Siku moja niliingia bomani, akanigeuzia uso, akauliza mgeni ni nani. Nikamburuta hospitali huko Kitui, maana yeye alishikilia kwamba ni vumbi tu limemwingia. Daktari alisema ni presha ya macho, kwamba imekwisha kula pembeni na sasa inaelekea katikati, na kwamba dawa ya matone itaichelewesha tu, kwa sababu kilichokwenda hakirudi. Baba aliitikia kwa kichwa, akauliza kama tutafika nyumbani kabla ya mbuzi kurudi. Mimi ndiye niliyekwenda kulia nyuma ya jengo, karibu na tangi la maji.

Niseme ukweli wa kilio kile. Sehemu yake ilikuwa ya Baba. Sehemu kubwa ilikuwa ya mama yangu.

Mama aliitwa Nduku, mzaliwa wa Nuu, upande wa Mwingi. Alikufa kwa homa iliyomshika ghafla, mimi nikiwa bado natambaa. Nyanya, mama yake Baba, aliyenilea, amekwisha kufa, na majirani wa wakati ule wamekufa au wamehama. Watu hudhani ukifiwa na mama ukiwa mchanga huumii sana, kwa kuwa hukumjua. Wanakosea. Aliyemjua mamake ana sauti ya kukumbuka, ana harufu ya leso, ana hata kofi alilopigwa. Mimi sina hata kofi. Nimemtamani mama yangu maisha yangu yote bila kujua ninayemtamani anafananaje, na sijui kama kuna njaa mbaya kuliko hiyo.

Nina picha yake moja. Alipigwa siku ya soko huko Nuu kabla hajaolewa, mpiga picha wa kuzunguka akiwa amemkalisha kwenye kiti mbele ya ukuta wa duka. Ni picha ndogo ya nyeusi na nyeupe yenye kingo zilizokatwa mawimbi. Amefunga kitambaa kichwani, mikono ameilaza magotini, na anatazama kando kidogo kana kwamba kuna mtu anamchekesha. Nyanya aliitundika jikoni, kwa hiyo moshi wa kuni ulikuwa umeilamba mpaka weupe wake wote ukawa rangi ya maziwa ya chai. Nilipofungua studio, Baba alinipa niitunze.

Kwa hiyo niliporudi kutoka Kitui niliamua. Nitaichapa upya, kubwa, nzuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, uso wake utoke kama alivyokuwa. Baba ataitazama kabla katikati ya macho yake hakujaziba, na atasema neno moja tu: ndiye. Basi. Nikishalisikia hilo nitakuwa na mama wa kutazama. Lakini Baba akipofuka kabla ya kulisema, hakuna mtu duniani atakayeweza kuniambia kama ninayemtazama ni mama yangu au ni wino.

Asiyeijua kazi hii hudhani picha ya nyeusi na nyeupe ndiyo rahisi. Ni ngumu kuliko zote. Printa ya wino ukiiambia itoe kijivu, huchanganya wino wa rangi zote ilizo nazo ili ipate hicho kijivu, na mchanganyiko ukienda kombo kidogo, uso wa mtu unageuka kijani au zambarau. Karatasi nayo ina ujeuri wake. Ile ya kung'aa inayouzwa kila mahali imetiwa dawa ya kuifanya iwe nyeupe kupita kiasi, weupe wa shati lililotiwa buluu. Ukimchapa juu yake mtu mweusi, anatoka kama amelala nje usiku kucha.

Haya yote niliyajua, na bado jaribio langu la kwanza lilikuwa la ovyo. Niliiweka picha kwenye skana, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaanza kusafisha. Nilitoa mikwaruzo na alama za kinyesi cha inzi. Nilitoa moshi wote wa Nyanya mpaka ukuta wa duka la Nuu ukawa mweupe pee. Nilijipongeza kweli kweli. Nikachapa kwenye karatasi ya kung'aa, nikaiacha ikauke, maana wino ukiwa mbichi hudanganya, kisha nikaipeleka Kalamba.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi barazani akichambua mbaazi kwa vidole. Aliipokea kwa mikono yote miwili. Aliisogeza karibu, akaiinua, akaishusha, akitafuta ile sehemu ya jicho iliyobaki nzima. Kisha akasimama nayo kuelekea jikoni, na mimi nikamshika mkono nikamrudisha. Picha hukaguliwa mchana, karibu na mlango, jua likiwa nyuma yako. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofunzwa, na sikuwa tayari kulivunja kwa ajili ya kibanda cha matofali kilichojaa masizi. Akakubali. Aliitazama pale mlangoni kwa muda, halafu akanirudishia.

"Ni yeye," alisema. "Lakini huyu anasikia baridi."

Nilidhani anazungumzia nguo, nikamweleza kwamba hakuvaa sweta siku hiyo. Akasema si nguo. Akatafuta neno, akalikosa, akasugua mkono wake mmoja kwa mwingine kama mtu anayejipasha moto. Nikamuuliza ni nini basi. Akaniambia nimemwosha sana.

Niliudhika, sitaficha. Nimewachapia wachungaji na madiwani, hakuna aliyeniambia nimewaosha. Lakini niliporudi Tawa na kuiweka picha yangu kando ya ile ya zamani, nikaona alikuwa na haki. Mwanamke wangu alikuwa na sura ileile na kitambaa kilekile, na alikuwa amekufa. Yule wa Nyanya alikuwa ameketi kwenye kiti akingoja aambiwe ainuke.

Basi nikaanza kutafuta joto. Kwanza niliizuia printa isichanganye rangi, nikailazimisha itumie wino mweusi peke yake. Wino mweusi mzuri hutengenezwa kwa masizi, na masizi yakitandazwa membamba hayawi kijivu, huwa na ukahawia wa mbali. Hiyo ilisaidia, ingawa mashavu yalitoka yametapakaa vidoti. Nikairudishia wino wa kijivu kidogo na manjano kidogo, nikijaribu kwenye vipande vilivyokatwa kama vya kupima kitambaa. Nilijifunza kwamba joto halipakwi sawasawa uso mzima. Kwenye mwanga, pale kwenye paji na juu ya mashavu, unatia zaidi. Kwenye vivuli unaacha weusi ubaki weusi, la sivyo picha nzima inakuwa uji.

Kilichobaki kilikuwa karatasi, na karatasi niliipata kwa Zulekha. Zulekha ana duka la kadi za harusi mjini Kitui, familia yao iko pale tangu enzi za babu yake aliyetoka Pwani, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayenusa karatasi kabla ya kuinunua. Nilimpelekea shida yangu. Alinivutia bunda kutoka rafu ya chini, karatasi nzito isiyong'aa, ya pamba, rangi yake ya krimu kama maziwa yaliyogandia juu ya sufuria. Aliniambia maharusi hawaitaki, wanaona ni ya kizee. Aliponiuliza inakwenda kuchapwa nini, nikamwambia ni mama yangu, naye akaacha kubishania bei, akanisindikiza mpaka nje.

Picha iliyotoka kwenye karatasi ile ilinifanya nikae chini. Sikuwa nimefanya kitu kizuri kama kile. Weusi wa kitambaa ulikuwa laini wa kuguswa, na kwenye paji la uso palikuwa na wekundu wa udongo uliokauka, kidogo sana, wa kuhisi kuliko wa kuona. Nilimwangalia mpaka nikasahau kufungulia mteja mlango. Nikafikiri, huyu sasa Baba atamkubali.

Kalamba, Baba alifanya vilevile. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitafuta kwa jicho, akaanza kwenda nayo jikoni. Nikamrudisha mlangoni tena, safari hii kwa sauti ya kumgombeza kidogo. Niliamini ananiepuka. Niliamini anaona aibu kwamba haoni vizuri na anataka kwenda kujificha gizani ambako kila mtu haoni. Akasimama mlangoni, akaitazama kwa heshima kama anavyotazama mwili wa marehemu kanisani, akasema ni nzuri, baridi imepungua, lakini bado iko.

"Alikuwa mweusi?" nikamuuliza. "Ama alikuwa mwekundu, ama maji ya kunde? Niambie rangi, Baba, nitaiweka."

Akasema alikuwa mutune.

Sasa hilo neno. Kwa Kikamba mutune ni mwekundu, lakini wazee wetu wakilisema juu ya mtu hawamaanishi damu wala nyanya. Mtu yeyote ambaye si mweusi tititi anaweza kuitwa mutune, na udongo ni mutune, na ng'ombe ni mutune, na chai isiyo na maziwa nayo ukitaka. Ni rangi pana kama Ukambani yenyewe. Nikaona nisaidiwe na mtu mwingine, nikaenda Nuu kwa mama mdogo, Kanini, ambaye sikuwa nimemhesabu, kwa kuwa alikuwa mtoto mdogo sana dada yake alipoolewa. Nilisafiri na sampuli zangu kwenye bahasha. Mama mdogo alinikumbatia, akanipikia muthokoi, akazipanga sampuli zote mezani na kuniambia bila kusita kwamba Nduku alikuwa mutune, kabisa. Nikamwambia aonyeshe ni ipi. Akazitazama, akaanza kucheka, akasema yeye alikuwa akibebwa mgongoni, alichokijua vizuri ni kisogo. Akaniambia pia kwamba Nduku aliimba vibaya sana na hakujua kwamba anaimba vibaya. Hilo nililipokea kama zawadi. Lakini rangi sikuipata.

Niliporudi, macho ya Baba yalikuwa yameshuka tena. Alikuwa akitembea ameutanguliza mkono. Nikaona wakati unaniponyoka, na mtu aliye na haraka huharibu. Nilikaa kwenye kompyuta nikaongeza manjano, nikaongeza wekundu, nikaongeza tena. Nilijua ninachokifanya si kazi safi. Picha ikatoka kahawia tupu, kama zile wanazotundika hotelini ili zionekane za zamani. Nikaipeleka Kalamba pamoja na zile nyingine zote, nikiwa na moyo mzito na hasira ya kutafuta mtu wa kumwangushia.

Baba alinipokea mlangoni. Aliipokea ile ya kahawia, akaishikilia juani, akaisogeza mpaka karibu na pua.

"Mwaitu," alisema, maana ndivyo anavyoniita, kama wanaume wa kwetu wanavyomwita mwanamke yeyote wanayemheshimu, mama yetu. "Sasa huyu umempaka matope."

Hapo nikapasuka. Nilimwambia nimezunguka Kitui yote kwa ajili ya bibi yake. Nilimwambia kama hakumbuki alivyokuwa aseme hakumbuki, asinichezeshe kama mtoto, kwa sababu mimi ndiye ambaye sijawahi kumwona, mimi ndiye ninayeomba. Nikamwambia kila mara ninapomletea picha anataka kukimbilia jikoni badala ya kuitazama mahali penye mwanga. Sauti yangu ilipanda mpaka mbuzi wakainua vichwa. Kisha nikaanza kulia mbele yake, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nikiwa msichana.

Baba alipapasa benchi, akaketi, akaiweka picha ya kahawia kwenye mapaja yake. Alipoanza kusema hakunielekezea uso. Alikuwa kama anasema na uwanja.

Aliniambia nikumbuke kwamba alikuwa akifanya kazi Athi River, kwenye saruji. Nyumbani alikuja mwisho wa mwezi, na gari lilimshusha Tawa giza likiwa limeingia, akatembea mpaka hapa. Nikamwambia hayo nayajua. Akasema najua nusu. Alisema Jumapili alikuwa akimwona mama mchana, ndiyo, wakienda kanisani, lakini mchana Nduku alikuwa wa watu wote. Alikuwa wa mama mkwe wake, wa shamba, wa maji, wa wageni waliokuja kusalimia mtu wa kutoka kazini. Mbele ya watu hawakutazamana. Siku hizo kijana hakumkazia macho bibi yake hadharani, angechekwa.

"Nilikuwa namwona jikoni," akasema. "Nikifika, hao wengine wamelala. Ananiwekea chakula, anakaa hapo chini na mtoto, na koroboi iko katikati. Huko ndiko nilimwangalia. Mimi hiyo rangi unatafuta ya mchana siijui, mwaitu. Wa mchana simjui sana."

Miaka hii yote nimekuwa nikiwafundisha watu kutazama picha mlangoni, na huyu mzee alikuwa ananiambia kwa adabu, safari baada ya safari, kwamba bibi yake hakuwa mlangoni. Koroboi ni kopo tu lenye utambi na mafuta ya taa. Mwanga wake ni mdogo na wa manjano, na chochote kilicho karibu nao kinapata joto, hata ukuta wa masizi, na vivuli vyake havitulii. Hakuna wino wa printa unaoweza kuleta hayo juani. Joto alilolitaka halikuwa kwenye karatasi hata kidogo.

Nikainuka kutafuta koroboi. Ya Nyanya ilikuwa bado imetundikwa jikoni kwenye boriti, imeshika kutu, lakini mafuta ya taa hayakuwepo. Kalamba nzima siku hizi ni sola na stima. Nilizunguka kwa majirani nikionekana mwendawazimu, mtu anayeomba mafuta ya taa mchana kweupe, mpaka nikapata kwa Mzee Musyimi, ambaye huweka chupa moja kwa ajili ya kumwagia siafu. Nikasokota utambi kwa kipande cha fulana. Baba alikuwa amekwisha kuingia jikoni mwenyewe. Nilipofika alikuwa ameketi kwenye kigoda kile cha kando ya mafiga, magoti juu, na nikaelewa kwamba anajua kigoda kilipo bila macho.

Nilifunga mlango. Niliziba dirisha kwa gunia na kuwasha utambi, ukatoa moshi, kisha ukatulia. Nikazipanga picha zangu sakafuni kando ya taa. Ile ya kahawia ilizama papo hapo, ikawa matope kweli kama alivyosema. Ile ya kwanza, ya karatasi ya kung'aa, ilirudisha mwali wa taa machoni mwetu na hatukuona uso. Kisha nikaichukua ile ya karatasi ya Zulekha, ile niliyokaa chini kwa ajili yake, nikaisimamisha kwenye jiwe la mafiga, kimo ambacho mtu aliyeketi sakafuni angekuwa na uso wake.

Paji likapata uhai. Sijui kulisema vingine. Ule wekundu wa mbali niliouweka kwa kubahatisha uliungana na wa taa ukawa ngozi. Mwali ulipotikisika, kivuli cha pua kilisogea, na ule mdomo uliokuwa ukitaka kucheka ukaonekana umeanza.

Baba aliinamisha kichwa upande mmoja, akamtafuta kwa lile tundu la jicho lililobaki, akampata. Nilijua amempata kwa sababu mabega yake yalishuka. Alikaa hivyo. Nilingoja lile neno, ndiye, lakini hakulisema, hakuwa na habari na mimi wala na neno langu. Alisema kwa Kikamba, kwa sauti ya chini ambayo sikuwa nimeisikia kwake, sauti ya kijana, kwamba gari limechelewa. Akamwambia Nduku asiamke, atajipakulia mwenyewe.

Nikatazama picha pamoja naye. Nilitazama kwa macho yangu yote, kwa miaka yote niliyotazama sura za watu. Niliona kazi nzuri. Niliona msichana wa Nuu aliyepigwa picha siku ya soko, na taa ikimpendeza. Nilimtafuta mama yangu hapo, nikamtafuta tena, na hakuwepo. Nilikuwa nimemwomba Baba anipe mama yangu kabla hajapofuka, naye hakuwa na mama yangu wa kunipa. Alikuwa na bibi yake.

Iliniuma vibaya. Lakini sikuwa na hasira tena, na nilishangaa kwamba sina. Niligeuka nikamtazama yeye, yule mzee wa mbuzi na redio, akiwa ametazama kitu anachokipenda, na uso wake ulikuwa wazi kabisa, kama hakuna miaka iliyopita. Huo sikuwa nimewahi kuuona. Nikafikiri kwamba mtu aliyeketi pale sakafuni na mtoto mapajani ndiye aliyekuwa akitazamwa hivi kila mwisho wa mwezi, na mtoto ni mimi.

"Unamwona?" Baba akaniuliza.

"Namwona," nikasema, na nilikuwa bado namtazama yeye.

Akapapasa chini mpaka akaipata koroboi, akaisukuma taratibu kwenye mavumbi mpaka ikafika upande wangu, ili nimwone vizuri zaidi. Upande wake ukabaki giza.